Dawa ya Maumivu ya Mbwa Wako Inapoondolewa Sokoni

Tangazo la kuondoa dawa sokoni huwa fupi. Hutaja jina la dawa, mtengenezaji, namba za matoleo yanayohusika, kisha sababu kwa sentensi moja: vipimo vimeonyesha kwamba nguvu ya dawa hailingani kutoka kidonge kimoja hadi kingine. Mwenye mbwa mzee, ambaye kila asubuhi humpa kidonge cha maumivu ya nyonga, huyasoma hayo akabaki na maswali mawili. Je, nimekuwa nikimdhuru mnyama wangu? Na kesho asubuhi nitampa nini?

Swali la kwanza linaweza kusubiri hadi daktari wa mifugo apatikane. La pili ndilo la hatari, kwa sababu watu hulijibu wenyewe, usiku, kwa kilichopo kwenye kabati la dawa za nyumbani. Kidonge chenye nguvu pungufu humwacha mbwa na maumivu, na kilichozidi kidogo huenda kikamtapisha. Lakini ibuprofeni au diklofenaki ya binadamu, ikitolewa juu ya dawa ambayo bado imo mwilini, inaweza kumtoboa tumbo. Ushauri wangu wote umejengwa juu ya jambo hilo: dawa ya zamani ikitiliwa shaka, usiharakishe kuweka nyingine mahali pake.

Namba ya toleo kwanza

Usiku huohuo, kabla ya kumpigia simu mtu yeyote, toa pakiti uitazame kwenye mwanga. Tafuta namba ya toleo. Huandikwa pembeni ya boksi, chini ya chupa au kwenye ncha ya karatasi ya vidonge, karibu na tarehe ya mwisho wa matumizi, na mara nyingi hutanguliwa na Lot, Batch au B. No. Linganisha herufi na tarakimu zote na zile za tangazo. Tofauti ya tarakimu moja ni toleo jingine kabisa. Tazama pia ukubwa wa kidonge, kwani tangazo linaweza kuhusu vidonge vya miligramu 25 peke yake huku vya 75 na 100 vikiwa salama.

Namba zisipofanana, endelea na dawa yako kama kawaida. Kuacha dawa nzuri kwa hofu ni kumwongezea mbwa maumivu bila sababu.

Zikifanana, usimpe kidonge kingine kutoka pakiti hiyo, na usiitupe. Iweke juu, mahali ambapo mbwa hafiki, pamoja na risiti kama unayo. Pakiti hiyo ndiyo ushahidi wako, ndiyo itakayorudishwa dukani, na daktari ataihitaji ili ajue mbwa alikula nini. Vidonge vya kutafuna hutiwa ladha ya ini au nyama ili mbwa avipende, na mbwa akivipata hakomei kwenye kimoja. Ametafuna chupa na kumaliza vyote kabla hujageuka.

Vipo vidonge visivyo na pakiti. Katika maduka mengi ya dawa za mifugo hapa kwetu, muuzaji huvimimina kutoka kwenye kopo kubwa, akavifunga ndani ya bahasha ndogo na kuandika tu "1 kila siku". Hapo rudi dukani uombe kuliona kopo lenyewe. Kama limeshatupwa na hakuna anayejua namba yake, vihesabu vidonge hivyo kuwa vya kutiliwa shaka. Na safari ijayo, kabla hujalipa, mwombe muuzaji aandike jina kamili la dawa, miligramu na namba ya toleo kwenye bahasha. Ni kazi ya nusu dakika, na hakuna muuzaji mwaminifu atakayeona umemsumbua.

Je, kuruka dozi ya kesho kutamdhuru? Kwa dawa za kupunguza uvimbe na maumivu zisizo na steroidi, kama kaprofeni na meloksikamu, mbwa hapati mshtuko wa kuachishwa ghafla. Kinachorudi ni maumivu yake ya zamani. Nusu ya kaprofeni huondoka kwenye damu ya mbwa kwa muda wa saa 8 hivi, na nusu ya meloksikamu kwa karibu saa 24, kwa hiyo siku moja ya kusubiri ushauri inavumilika kwa mbwa mwenye maumivu ya kudumu ya viungo. Sivyo kwa mbwa aliyetoka kufanyiwa upasuaji. Huyo tafuta daktari saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Na angalizo kwa dawa nyingine: prednisoloni iliyotumika kwa muda mrefu, au gabapentini kwa mbwa mwenye kifafa, haziachwi ghafla hata kidogo. Hakikisha unajua dawa iliyo mkononi mwako ni ya kundi gani kabla hujaisimamisha.

Nguvu huharibikaje

Kujua jinsi kasoro hii inavyotokea kutakusaidia kupima ukubwa wa hatari. Kaprofeni, ambayo Marekani iliiidhinisha kwa mbwa mwaka 1996 kwa jina la Rimadyl, hutolewa miligramu 4.4 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, mara moja au kwa kugawanywa mara mbili. Mbwa wa kilo 30 anahitaji miligramu 132 hivi. Meloksikamu, inayojulikana zaidi kwa jina la Metacam, ni miligramu 0.2 kwa kilo siku ya kwanza, kisha 0.1 kila siku. Mbwa yuleyule wa kilo 30 sasa anahitaji miligramu 3 tu. Kiasi hicho ni kidogo sana ndani ya kidonge. Kinachobaki ni vijazio, gundi na ladha. Unga wa dawa usipochanganyika sawasawa na hivyo vingine, au ukichanganyika kisha ukajitenga tena mashine zikitikisika, kidonge kimoja hutoka na dawa nyingi na jirani yake hutoka na kidogo. Kwa macho vinafanana kabisa.

Ndiyo maana viwanda hupima. Kwa kanuni za kitabu rasmi cha dawa cha Marekani, huchukuliwa vidonge 10, kila kimoja kikapimwa peke yake, na matokeo yakileta shaka hupimwa vingine 20. Kwa lugha nyepesi, kinachotakiwa ni vidonge vikae karibu na kile kilichoandikwa, tofauti isizidi sana asilimia 15 juu au chini. Kwa hiyo hata dawa nzuri haina vidonge pacha. Dawa huondolewa pale tofauti inapovuka mpaka huo, au pale dawa inapopungua nguvu kabla ya tarehe yake kufika. Mwaka 2012 kampuni ya Virbac iliondoa sokoni Marekani baadhi ya matoleo ya Iverhart Plus, vidonge vya kutafuna vya kuwakinga mbwa na minyoo ya moyo, kwa sababu ya nguvu ya dawa. Haikuwa dawa ya maumivu, lakini kilichohofiwa ni kilekile: mwenye mbwa anaamini ametoa dozi kamili, kumbe ametoa pungufu.

Sasa tazama linalofanyika nyumbani dozi zikipanda na kushuka. Chukua tena mbwa wa kilo 30. Tuseme vidonge vimeharibika kiasi kwamba leo anapata nusu ya kinachotakiwa na kesho moja na nusu: siku moja miligramu 66, siku nyingine 198. Unachokiona wewe ni mbwa mwenye siku njema na siku mbaya. Utasingizia baridi, utasingizia matembezi ya jana, utasema ni uzee. Utakwenda kwa daktari ukamweleze kwamba dawa imepungua kazi, naye kwa nia njema ataongeza dozi au kuweka dawa ya pili. Kisha pakiti inaisha, unanunua nyingine iliyotengenezwa vizuri, na mbwa anapewa dozi iliyoongezwa kwa vidonge vyenye nguvu kamili. Madhara yanaanza hapo, kwenye pakiti nzuri.

Kwa hiyo unapompigia daktari kuhusu tangazo, usimwambie tu kwamba dawa imeondolewa. Mwambie pia kama dozi iliwahi kubadilishwa tangu uanze pakiti hiyo, na lini. Kwangu mimi hiyo ndiyo habari muhimu kuliko zote, na ndiyo inayosahaulika mara nyingi.

Kabla hujalaumu kiwanda, chunguza pia yanayofanyika nyumbani kwako. Meloksikamu ya maji ikikaa bila kutikiswa hutulia kama uji usiokorogwa, mwepesi juu na mzito chini. Asiyeitikisa chupa humpa mbwa dawa hafifu mwezi mzima, na siku za mwisho humnywesha ile nzito iliyobaki. Itikise kila mara, taratibu lakini kikamilifu. Bomba linalokuja na chupa hiyo mara nyingi limepigwa alama za kilo za mbwa badala ya mililita, na limepimwa kwa nguvu ya dawa ile tu. Ukilipoteza, usichukue la chupa nyingine, maana iko meloksikamu ya miligramu 1.5 kwa mililita na iko ya 0.5, na kosa hilo pekee ni mara tatu ya dozi.

Kukata vidonge nako kuna yake. Kidonge chenye mstari katikati kimetengenezwa kigawanyike. Kisicho na mstari, ukikikata robo kwa kisu cha jikoni, utapata vipande visivyolingana na unga mwingi juu ya meza. Kwa mbwa mdogo wa kilo 4 au 5, tofauti hiyo ni kubwa. Ni afadhali kumwomba daktari dawa ya maji au kidonge kidogo zaidi kuliko kupambana na kisu kila asubuhi. Halafu kuna joto. Pakiti iliyoachwa ndani ya gari linalopigwa na jua la mchana Dar es Salaam au Mombasa imepita kiwango ambacho mtengenezaji alikiandika kwenye boksi. Ihifadhi ndani, mahali pakavu, mbali na jiko na dirisha.

Dalili za kutazama

Mbwa hasemi, kwa hiyo utatazama pande mbili. Upande wa dawa iliyozidi, dalili za mwanzo ni kukataa chakula, kutapika, kuharisha na unyonge. Zikifuata kinyesi cheusi cha kunata, matapishi yenye damu, fizi zilizopauka, macho au fizi kuwa njano, au kunywa maji na kukojoa kupita kawaida, usisubiri kesho. Cheusi kwenye kinyesi ni damu iliyotoka tumboni, njano ni ini, na kiu hiyo inaweza kuwa figo. Kama ameiba na kumeza vidonge vingi muda si mrefu, mpeleke haraka ukiwa na chupa mkononi. Daktari anaweza kumtapisha au kumpa mkaa maalumu wa kunyonya sumu, lakini kwa yote mawili wakati ni mfupi. Usimtapishe mwenyewe kwa chumvi wala mafuta.

Upande wa dawa iliyopungua, dalili ni za taratibu na ni rahisi kuzikosa. Anachelewa kunyanyuka akiamka. Hapandi ngazi alizokuwa akipanda. Analamba kiungo kimoja kwa muda mrefu, anahema akiwa amelala kivulini, anahamahama usiku asipate mkao. Mbwa wa ulinzi anabweka akiwa amelala badala ya kwenda getini, na mwenye nyumba anadhani amekuwa mvivu. Mbwa wengine hukasirika wakiguswa kiunoni, na watoto ndio wanaoumwa. Waambie watoto wamwache kwa siku hizo.

Kabati la dawa za binadamu

Hapa niseme bila kuzunguka. Usimpe mbwa Brufen. Usimpe diklofenaki, iwe kidonge au sindano. Usimpe Maramoja, Hedex wala mchanganyiko wowote wa madukani. Kidonge kimoja cha ibuprofeni cha miligramu 400 kwa mbwa wa kilo 10 ni miligramu 40 kwa kila kilo, kiasi kinachotosha kumletea vidonda vya tumbo, na mbwa mwenye mabaki ya kaprofeni mwilini yuko katika hatari kubwa zaidi. Dawa hizi huzuia kemikali zinazoleta maumivu, lakini baadhi ya kemikali hizohizo ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo na kuipa figo damu. Mbili zikikutana, kinga hiyo huondoka.

Parasetamoli ina habari yake. Kuna madaktari wanaoitumia kwa mbwa, kwa dozi wanayoikokotoa wenyewe, na Uingereza iko dawa ya mbwa yenye parasetamoli na kodeini ndani yake. Lakini hiyo ni kazi ya daktari. Ikizidi huharibu ini na damu. Na kama una paka nyumbani, parasetamoli isimkaribie kabisa. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua.

Steroidi nazo haziendi pamoja na dawa hizi. Mhudumu akija na sindano ya deksamethasoni ili mbwa asimame haraka, mwambie kwanza mbwa amekula dawa gani na kidonge cha mwisho kilikuwa lini. Mbwa anaweza kusimama kweli jioni hiyo, na siku chache baadaye akaanza kutapika damu.

Siku za kati

Ukipata dawa ileile kutoka toleo jingine, na mbwa hana dalili za madhara, daktari kwa kawaida atakuruhusu kuendelea bila kusubiri. Hii ndiyo njia rahisi kuliko zote, na ningeijaribu kabla ya nyingine. Ikibidi kuhamia dawa tofauti ya kundi lilelile, kwa mfano kutoka kaprofeni kwenda meloksikamu au firokoksibu, madaktari wengi huacha nafasi ya siku 5 hadi 7 ili ya kwanza iishe mwilini na tumbo lipumzike. Kama mbwa alishatapika au kutoa kinyesi cheusi, nafasi hiyo huwa ndefu zaidi.

Siku hizo ndizo ngumu, na mbwa hatakiwi kuachwa aumie. Mwulize daktari kuhusu gabapentini, ambayo haigongani na dawa za uvimbe. Chukua ya kidonge au kapsuli. Gabapentini ya maji ya binadamu huweza kuwa na zailitoli, sukari mbadala isiyowadhuru watu lakini inayoshusha sukari ya mbwa ghafla na kuharibu ini. Wanaoishi Ulaya na Marekani wakague pia siagi ya karanga wanayofichia kidonge, maana baadhi hutiwa zailitoli hiyohiyo. Tramadoli hupendekezwa mara nyingi, ila mimi nisingeitegemea peke yake: utafiti wa Chuo Kikuu cha Georgia uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta kwamba kwa mbwa wenye maumivu ya viungo haikuwashinda waliopewa kidonge kisicho na dawa.

Nje ya dawa, mambo madogo hupunguza mzigo. Mtandikie godoro au magunia juu ya sakafu ya saruji. Tandika mkeka au zulia pale anapoteleza. Mtembeze mara kadhaa kwa muda mfupi, usimwachie mbio za jioni zilizozoeleka. Kitambaa cha uvuguvugu kwenye nyonga kwa dakika 10, ukikijaribu kwanza kwenye ngozi ya mkono wako, humlegeza misuli asubuhi. Na kama amenenepa, anza kupunguza chakula leo. Katika utafiti wa kampuni ya Purina uliochapishwa mwaka 2002, mbwa 48 wa Labrador waligawanywa wawiliwawili, mmoja akipewa chakula pungufu kwa asilimia 25 kuliko mwenzake, maisha yao yote. Nusu ya waliopunguziwa waliishi hadi miaka 13, wenzao 11.2, na ugonjwa wa viungo uliwachelewa. Hakuna kidonge ninachokijua chenye matokeo ya namna hiyo, na unachohitaji ni kupunguza ugali kwenye sahani.

Dawa iliyoletwa na ndugu

Wako wengi ambao dawa ya mbwa wao ilitoka kwenye sanduku la ndugu aliyerudi kutoka London au Houston. Dawa hizo ni nzuri, na pengine hapa hazipatikani kwa urahisi. Lakini elewa kwamba mwito wa kuzirudisha hautakufikia wewe. Ukija, utakwenda kwa kliniki iliyouza au kwa aliyenunua. Huko Marekani kuondolewa kwa dawa hupangwa kwa madaraja matatu, la kwanza likiwa la hatari ya madhara makubwa au kifo na la tatu la hatari ndogo. Tena mwito wenyewe una kina chake: mwingine hushuka hadi kwa mwenye mnyama, mwingine huishia dukani na kwenye kliniki, mwingine huishia kwa wasambazaji. Dawa ya nguvu isiyolingana inaweza kuondolewa kwenye rafu zote bila mwenye mbwa kuambiwa neno.

Kwa hiyo mwombe ndugu akuletee boksi zima, asivimimine vidonge kwenye mfuko ili kuokoa nafasi. Mwambie akupigie picha ya risiti na aache namba yake ya simu kliniki aliponunua. Na picha ya namba ya toleo ibaki kwenye simu yako, siyo yake. Daktari wako wa hapa naye aandike jina, miligramu na toleo kwenye faili la mbwa hata kama si yeye aliyeuza.

Ukiona madhara, au ukishuku kwamba dawa haifanyi kazi, toa taarifa. Tanzania dawa za mifugo ziko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, kama zilivyo za binadamu. Kenya iko Kurugenzi ya Dawa za Mifugo, na Uganda iko Mamlaka ya Taifa ya Dawa. Marekani daktari au mwenye mbwa hujaza fomu ya FDA namba 1932a. Watu hudhani taarifa moja haina uzito. Ina uzito inapobeba namba ya toleo, kwa sababu taarifa kadhaa kutoka miji tofauti zikiwa na namba moja, mdhibiti anajua pa kuanzia kupima. Isiyo na namba inamwambia tu kwamba kuna mbwa aliugua.

Daftari

Nunua daftari la kawaida ulitundike jikoni. Kila siku andika saa ya dawa, kiasi, alivyokula, alivyoamka, na hali ya kinyesi. Chagua mambo mawili ambayo mbwa wako huyafanya kila siku, kwa mfano kupanda baraza na kukupokea getini, uyape alama kutoka 0 hadi 10. Mambo yaleyale, na ikiwezekana mwandishi yuleyule, maana jicho la kila mtu lina kipimo chake. Ukianza pakiti mpya, piga mstari mwekundu na uandike namba ya toleo juu yake. Alama zikianza kuyumba baada ya mstari huo, unayo hoja ya kumpelekea daktari.

Andika uzito pia, kila mwezi. Dozi zote hizi hukokotolewa kwa kilo, na kukisia kwa macho hukosea sana kwa mbwa wenye manyoya mengi. Kwa mbwa wa kubebeka, panda mizani ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, utoe. Mbwa mkubwa mpeleke kliniki, au kwenye mizani ya ghala la nafaka kama mwenye ghala ni mtu wako.

Kurudi kwenye dawa

Daktari akiruhusu dawa ianze tena, mwombe apime damu kwanza, ini na figo, hasa kama pakiti mbovu ilitumika kwa muda mrefu. Gharama yake huwa kubwa kwa wengi, najua, lakini kama kuna pesa ya kipimo kimoja tu mwaka mzima, itumie hapa. Muulize waziwazi: dozi tunayoanza nayo ni ile ya zamani au ile iliyoongezwa wakati wa pakiti mbovu? Mara nyingi jibu la busara ni kurudi kwenye dozi ya zamani na kuangalia.

Mpe dawa pamoja na chakula. Kwa wiki tatu za mwanzo mchunguze fizi kila siku kwenye mwanga wa jua, kwani madhara ya ini ya kaprofeni, ambayo miaka ya mwanzo yaliripotiwa zaidi kwa mbwa wa Labrador, hujitokeza zaidi katika kipindi hicho. Rudia kipimo cha damu kati ya wiki ya pili na ya nne, kisha kila miezi sita kwa mbwa anayetumia dawa daima. Akikataa chakula siku yoyote, usimpe kidonge cha siku hiyo. Piga simu kwanza.